Parvulus

Parvulus (kike: parvula; isiyo ya kiume wala ya kike: parvulum) ni kivumishi cha lugha ya Kilatini chenye maana ya "mdogo sana", "mdogo tu" au "mchanga wa umri". Kimeundwa kutokana na kivumishi cha kawaida parvus, yaani "mdogo", kwa kuongezewa kiambishi tamati cha udogo -ulus. Mara nyingi hutumika pia kama nomino, na hapo humaanisha "mtoto mdogo".

Ingawa ni neno fupi, limeacha alama kubwa. Linapatikana katika maandishi ya Julius Caesar na ya Vergilius, katika Biblia ya Kilatini, katika vitabu vya liturujia ya Kanisa Katoliki, katika majina ya kisayansi ya wanyama na mimea, na katika lugha za leo zilizotokana na Kilatini. Maana yake hubadilika kulingana na mahali linapotumika: linaweza kutaja udogo wa kimo, uchache, utoto, mapenzi, huruma, au hata dharau. Ndiyo sababu msomaji anayelitafsiri kila mara kwa neno "mdogo" huweza kukosa jambo ambalo mwandishi alitaka kulisema.

Asili ya neno

Kivumishi parvus kimetokana na mzizi wa kale pau-, uliobeba wazo la udogo na uchache. Mzizi huohuo umezaa maneno mengine ya Kilatini: paucus ("chache"), pauper ("maskini", yaani mwenye kupata kidogo) na paulus ("mdogo"). Neno hilo la mwisho lilikuwa pia jina la ukoo mmoja wa Waroma. Kwa njia hiyo jina Paulo, ambalo linajulikana sana Afrika Mashariki kwa sababu ya Mtume Paulo, kwa asili lina maana ya "mdogo".

Katika maandishi ya kale, kama vile tamthilia za Plautus na Terentius, neno huandikwa parvolus. Sababu ni kwamba Waroma wa zamani hawakuwa na herufi mbili tofauti kwa ajili ya u na v. Ishara ileile iliandikwa kwa sauti zote mbili, nao waliepuka kuziandika mbili mfululizo. Baadaye tahajia parvulus ilienea na ndiyo inayofundishwa leo.

Matamshi

Katika matamshi ya Kilatini cha kale, herufi v ilisomwa kama w ya Kiswahili, hivyo neno lilisikika kama "parwulus". Katika matamshi ya Kikanisa husomwa "parvulus", kwa v ya kawaida.

Mkazo huwa katika silabi ya kwanza: PAR-vu-lus. Hapa msemaji wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu, kwa kuwa Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, naye huelekea kusema "par-VU-lus". Kanuni ya Kilatini ni nyingine: silabi ya pili kutoka mwisho hupata mkazo ikiwa ni nzito tu, yaani ikiwa na irabu ndefu, irabu unganifu au ikifungwa na konsonanti. Irabu u katika -ulus ni fupi na silabi yake iko wazi, kwa hiyo mkazo unarudi nyuma hatua moja. Kinyume chake, vivumishi vya udogo vinavyoishia kwa -ellus huwa na silabi iliyofungwa na l, hivyo hukaziwa palepale: mi-SEL-lus.

Jinsi udogo unavyoundwa

Kilatini huonyesha udogo kwa kuongeza kiambishi mwishoni mwa neno, tofauti na Kiswahili kinachobadilisha mwanzo wa neno (mtoto, kitoto, mlima, kilima). Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Katika Kiswahili udogo huanza kwenye nomino, na kivumishi hufuata kwa upatanisho: kitoto kizuri. Katika Kilatini nomino inaweza kubaki kama ilivyo, na kivumishi chenyewe kikabeba kiambishi cha udogo.

Umbo la kiambishi hutegemea mwisho wa shina:

* -ulus hufuata mashina mengi ya kawaida: parvus (mdogo), parvulus; vagus (mwenye kutangatanga), vagulus.
* -olus hutumika baada ya irabu: aureus (wa dhahabu), aureolus.
* -ellus hutokea pale ambapo r au n ya shina imekutana na l ya kiambishi na kugeuka kuwa l: miser (mwenye taabu), misellus, pulcher (mzuri), pulchellus, niger (mweusi), nigellus.
* -culus hufuata hasa mashina ya kundi la tatu: dulcis (mtamu), dulciculus, pauper (maskini), pauperculus. Huongezwa pia kwenye vivumishi vya kulinganisha: maiusculus ("mkubwa kidogo zaidi") na minusculus ("mdogo kidogo zaidi").

Mfano wa pekee ni bellus ("mzuri, wa kupendeza"). Kwa asili ni umbo la udogo la bonus ("mwema"), lakini Waroma wenyewe walizoea kulitumia kama kivumishi cha kujitegemea. Hatimaye ndilo lililorithiwa na Kiitaliano (bello) na Kifaransa (beau, belle) kwa maana ya "mzuri".

Kilatini kinaweza pia kurundika udogo juu ya udogo. Kutokana na paulus hupatikana paululus ("mdogo mno"), na umbo lake paululum hutumika sana kama kielezi: "kidogo tu", "kwa muda mfupi tu".

Mnyambuliko

Parvulus ni kivumishi cha kundi la kwanza na la pili, sawa na bonus, bona, bonum. Hupatana na nomino yake kwa mambo matatu: jinsia ya kisarufi, idadi, na hali (casus), yaani kazi ya nomino katika sentensi. Maumbo yafuatayo yamepangwa kwa utaratibu wa kiume, kike, na isiyo ya kiume wala ya kike.

Umoja

* Nominativus (kiima): parvulus, parvula, parvulum
* Genetivus (umilikaji): parvuli, parvulae, parvuli
* Dativus (kwa ajili ya nani): parvulo, parvulae, parvulo
* Accusativus (shamirisho): parvulum, parvulam, parvulum
* Ablativus (kwa, kutoka, pamoja na): parvulo, parvula, parvulo
* Vocativus (kuita): parvule, parvula, parvulum

Wingi

* Nominativus na vocativus: parvuli, parvulae, parvula
* Genetivus: parvulorum, parvularum, parvulorum
* Dativus na ablativus: parvulis kwa jinsia zote tatu
* Accusativus: parvulos, parvulas, parvula

Umbo parvula linahitaji uangalifu, kwa sababu linaweza kuwa la kike katika umoja, au la jinsia ya tatu katika wingi. Katika ablativus ya umoja wa kike, a ya mwisho hutamkwa ndefu, jambo ambalo maandishi ya kawaida hayaonyeshi.

Mifano katika sentensi:

* Mater filium parvulum amat: "Mama anampenda mwanawe mdogo." Filium ni shamirisho, na kivumishi kimefuata.
* Casa parvula in silva est: "Kuna kijumba msituni." Nomino casa ni ya kawaida, udogo wote umebebwa na kivumishi.
* Magister parvulis fabulam narrat: "Mwalimu anawasimulia watoto wadogo hadithi." Hapa parvulis limesimama peke yake kama nomino.

Upatanisho si kufanana kwa miisho

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kivumishi lazima kiishie kama nomino yake. Sivyo. "Baharia mdogo" ni nauta parvulus, kwa sababu nauta ni nomino ya kiume ingawa inaishia kwa a. Vivyo hivyo "mkono mdogo" ni manus parvula, kwa sababu manus ni ya kike ingawa inaishia kwa us.

Msemaji wa Kiswahili analijua jambo hili bila kufundishwa. Husema "kijana mdogo" na "vijana wadogo", wala si "kijana kidogo", kwa kuwa kivumishi kinapatana na hadhi ya mtu, si na silabi ki- inayoonekana mwanzoni mwa neno. Kilatini hufanya vilevile: jinsia ya nomino ndiyo inayotawala, si sura yake.

Vyeo vya ulinganishi

Parvus ina ulinganishi usio wa kawaida: parvus (mdogo), minor (mdogo zaidi), minimus (mdogo kuliko wote). Parvulus kwa kawaida haina vyeo hivyo, kwa kuwa tayari imebeba maana ya kiwango. Anayetaka kusema "mdogo zaidi" hurudi kwenye minor.

Maana na matumizi

Udogo mtupu

Mara nyingine parvulus hutaja kiasi tu, bila hisia yoyote. Caesar, katika kumbukumbu zake za vita vya Galia, huyaita mapambano yasiyo makubwa parvula proelia, "mapigano madogo madogo". Hakuna upole wala huruma ndani yake. Ni taarifa ya jemadari. Kiswahili hufikia maana hiyo kwa kurudia kivumishi.

Utoto

Kutoka udogo wa kimo maana ilihamia kwenye udogo wa umri. Msemo a parvulo (kwa wingi a parvulis au ab parvulis) humaanisha "tangu utotoni". Terentius aliutumia katika tamthilia ya Andria, iliyoigizwa mwaka 166 KK, ambapo bwana anamkumbusha mtu aliyekuwa mtumwa wake jinsi alivyotendewa tangu utoto. Caesar aliutumia alipoeleza kwamba Wagermanik huzoeshwa kazi ngumu tangu wakiwa wadogo.

Mapenzi na huruma

Maumbo ya udogo yalikuwa lugha ya nyumbani: ya wazazi, wapenzi na marafiki. Mshairi Catullus (karne ya 1 KK) aliyapenda sana. Katika shairi lake la 61, la arusi, anawatakia maharusi mtoto wa kiume mdogo, Torquatus parvulus, atakayenyosha mikono kutoka mapajani mwa mama yake.

Utenzi wa kishujaa, kinyume chake, ulikwepa maumbo hayo kwa kuwa hayakulingana na heshima yake. Kwa hiyo wasomaji wa Aeneis ya Vergilius wameshangazwa daima na kitabu cha nne, ambapo malkia Dido, akiwa anaachwa na Aeneas, anasema kwamba laiti angalikuwa na parvulus Aeneas wa kucheza katika ukumbi wake, asingejiona ametelekezwa kabisa. Kivumishi kimoja cha nyumbani, kikiwekwa katikati ya lugha ya kifalme, kinaonyesha kwamba anayesema si malkia tena bali mwanamke aliyevunjika moyo. Tafsiri inayosema tu "Aeneas mdogo" hutoa taarifa, lakini huacha uchungu.

Dhihaka

Miaka zaidi ya mia moja baadaye, Juvenalis aliyachukua maneno hayohayo ya Dido katika shairi lake la tano la kejeli. Anamwambia mtu maskini kwamba akitaka kuheshimiwa na matajiri, asiwe na Aeneas mdogo anayecheza ukumbini mwake, maana tajiri asiye na mtoto ndiye anayezungukwa na marafiki wanaongoja urithi. Kivumishi kilichokuwa cha machozi kimekuwa cha kicheko kichungu. Neno halikubadilika; kilichobadilika ni kinywa kinacholitamka.

Dharau ya namna hiyo huonekana pia katika historia. Kaisari aliyehesabiwa kuwa wa mwisho wa Dola la Roma Magharibi, aliyeondolewa madarakani na Odoacer mwaka 476, aliitwa Romulus Augustus. Kwa kuwa alikuwa kijana mdogo asiye na nguvu, alibandikwa jina Augustulus, "Augusto mdogo". Kiambishi kimoja kilitosha kuigeuza sifa ya ukuu kuwa mzaha. Msemaji wa Kiswahili hutambua mbinu hiyo anaposikia "kijitu" au "kifalme" vikitumika kumtweza mtu.

Katika Biblia ya Kilatini

Tafsiri ya Kilatini inayoitwa Vulgata, inayohusishwa hasa na Jeromu, hutumia parvulus mara nyingi. Hapo neno moja la Kilatini limebeba maneno tofauti ya Kiebrania na Kigiriki, nalo linahitaji kusomwa kwa makini:

* Katika Isaya 9, unabii wa kuzaliwa mtoto hutumia parvulus kwa maana ya mtoto mchanga.
* Katika Mathayo 18:3 na Marko 10:14, parvuli ni watoto wadogo, wanaotolewa kama mfano wa kuigwa.
* Katika Mathayo 11:25, parvuli ni watu wa kawaida, wasio wasomi, waliofunuliwa yale yaliyofichwa kwa wenye hekima.
* Katika Wagalatia 4:1, parvulus ni mrithi ambaye hajafikia umri wa kumiliki mali yake. Hapa maana ni ya kisheria.
* Katika 1 Wakorintho 13:11, parvulus ni mtu katika hatua ya utoto, anayetakiwa kukua na kuiacha.
* Katika Mithali 1:22, parvuli ni wajinga wanaokemewa kwa kupenda ujinga wao.

Hivyo neno lilelile mahali pengine ni sifa na mahali pengine ni lawama. Msomaji wa Vulgata asiyejua hilo angeweza kudhani kwamba Biblia inajipinga, huku ikiwaambia watu wawe parvuli na huku ikiwakaripia kwa kuwa parvuli. Wafasiri wa Kiswahili hawakuwa na tatizo hilo, kwa kuwa walitumia maneno tofauti: "watoto wachanga", "watoto wadogo", "wajinga".

Katika teolojia ya Kikristo neno lilizidi kupata maana maalumu. Agostino wa Hippo, alipojadili kama watoto wachanga wabatizwe na kwa nini, aliandika mnamo 411–412 kitabu ambacho jina lake lina maneno de baptismo parvulorum, "juu ya ubatizo wa watoto wadogo". Umbo hilohilo la genetivus ya wingi limo katika jina la kitabu rasmi cha Kanisa Katoliki cha mwaka 1969, Ordo Baptismi Parvulorum. Katika matumizi hayo parvulus si mnyenyekevu wala mjinga, bali ni mtoto asiyeweza bado kujibu mwenyewe.

Katika majina ya kisayansi

Wanabiolojia hutumia parvulus kutaja spishi iliyo ndogo kuliko jamaa zake. Kanuni za majina ya wanyama zinadai kwamba kivumishi cha spishi kipatane kijinsia na jina la jenasi, hivyo sarufi ya Kilatini bado inafanya kazi maabara na mbugani.

Mfano mzuri ni kitafe, nguchiro mdogo anayeishi kwa makundi katika vichuguu vya Tanzania, Kenya na nchi nyingine za Afrika. Jina lake ni Helogale parvula. Sundevall, aliyemweleza kisayansi katika miaka ya 1840, alimweka katika jenasi Herpestes, ambayo ni ya kiume, akamwita Herpestes parvulus. Alipohamishiwa Helogale, jenasi ya kike, mwisho -us ukawa -a. Mnyama hakubadilika hata unywele. Ni upatanisho uliobadilika. Ndege wa visiwa vya Galápagos Mimus parvulus na ndege wa Afrika Anthoscopus parvulus wameendelea na -us kwa kuwa jenasi zao ni za kiume.

Katika lugha za leo

Kihispania kina párvulo, "mtoto mdogo", hasa wa umri wa shule ya chekechea. Mkazo wake umebaki katika silabi ya kwanza, kama katika Kilatini. Kiitaliano kina pargolo, neno la kifasihi lenye maana hiyohiyo, na kutokana nalo pargoletto, ambapo udogo mpya umeongezwa juu ya ule wa zamani uliokuwa umeanza kusahauliwa. Katika Kireno, parvo, lililotokana na parvus, limekuwa na maana ya "mjinga", njia ileile iliyofuatwa na parvuli wa Mithali.

Njia ya kutoka "mdogo" hadi "mtoto" haimo katika Kilatini pekee. Katika Kiswahili cha Kongo, kinachotumia kiambishi ka- kwa udogo, neno kadogo lilitoka kwenye kivumishi likawa nomino. Wakati wa vita vya 1996–1997 lilikuwa jina la watoto waliobeba silaha katika jeshi la Laurent-Désiré Kabila. Kama parvulus, ni neno la upole kwa asili, nalo linaweza kubeba mambo mazito kuliko udogo linaoutaja.